Nyanya za Zambarau Sokoni Chwele

Watu wengi huudhiwa kwa kutukanwa. Mimi akina mama wa Chwele waliniudhi kwa kunisifu.

Kazi yangu Kitale ni kuzalisha nyanya. Nachukua chavua ya ua hili napaka lile, nasubiri mbegu, napanda, naanza tena. Miaka mingi nilitafuta nyanya ya zambarau mpaka ndani, maana ile rangi ndiyo lishe yenyewe. Nikaipata, aina namba saba, nyeusi tii! Nikaipenda kama mtoto wa tumbo langu. Mwenzangu Jepkorir naye alikuwa na namba tatu yake, kitu kidogo, rangi haijakolea, mabegani, pale karibu na kikonyo, imepasukapasuka. Mkubwa wetu, Daktari Rotich, akasema aina moja tu itaendelea msimu ujao na walaji ndio wataamua. Nyingine itaachwa.

Basi Rotich na mimi tukaenda Chwele siku ya soko, tukawakaribisha akina mama wa kanisa ukumbini waje waonje. Mama yangu mzazi sikumwalika, lakini alikuja na kikundi chake, akakaa mbele kabisa. Tukaweka namba saba, namba tatu, na nyingine chapwa kabisa, tuliyoileta makusudi tuone kama wanaonja kweli.

Namba saba? "Tamu sana." Namba tatu? "Tamu sana, Mungu awabariki." Ile chapwa? "Sasa hii ndiyo tamu!" Zote zikapata alama za juu kabisa.

Rotich akanivuta kando. "Nasike, hawa ni watu wako. Waambie waseme ukweli."

Nikawasihi. Mwenyekiti wao, Mama Wabwile, akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, si wewe ndiye umetulisha? Chakula cha mtu hakitukanwi. Ama unataka tukuaibishe mbele ya mkubwa wako?"

Ukumbi mzima ukasema amina. Sala ya kufunga ikashukuru nyanya zote bila ubaguzi.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilizaliwa hapa hapa, desturi hiyo naijua, na bado nikawaandalia sahani kama mjinga! Nikabeba nyanya zilizobaki, nikatandika gunia sokoni katikati ya wauza sukumawiki, nikapanga mabeseni yangu. Rotich akauliza nafanya nini.

"Nauza, Daktari. Simama kando, unanifukuzia wateja."

Haikupita muda wakaja, wale wale, vikapu mkononi. Woi! Ungedhani si wao waliokuwa wakisali.

"Hii nyeusi iliungua, ama imefiwa?" Mama Wabwile akaiminya namba saba, akaiuma, akatema. "Ngozi ngumu kama turubai. Na ndani hakuna kitu. Punguza bei, bana."

"Si ukumbini ulisema tamu?"

"Punguza."

Ile chapwa waliionja mara moja, wakaisahau. Namba tatu waliitukana pia, ati ndogo, ati imepasuka, lakini midomo ikitukana mikono ilikuwa inachagua, na beseni likaanza kuonyesha chini. Za namba saba zikabaki vile vile. Nikazipangusa kwa leso, nikapanga zinazong'aa juu, nikaita wateja mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa naumia, sitaki kusema uongo.

Mama yangu akaja mwisho. Nikajipa moyo, nikamsogezea beseni la namba saba. Akachukua moja, akaiuma, akatafuna polepole sana, kisha akairudisha. Akainama kwa zile za Jepkorir, akaanza kujaza kikapu.

"Mama, hata wewe? Kule ulisema hujawahi kula nyanya kama yangu!"

"Kule ulinilisha," akasema, bila kuacha kuchagua. "Hapa unaniuzia. Nikimpikia baba yako hiyo, atauliza nani amenilaghai. Nimwambie ni wewe?"

Nikacheka na machozi yananitoka. Rotich alikuwa amesikia kila neno. Alinisubiri mimi niseme. Nikachukua ile namba saba aliyoiuma mama, nikaimalizia mwenyewe, ngozi na yote. Kweli ilikuwa turubai.

Nikampigia Jepkorir simu Kitale, nikamwambia namba tatu imeshinda. Alipoanza kupiga vigelegele, nikamkatia simu.