Aliponiita Novatus

Mguu wa Novatus ulizama hadi gotini, akacheka. Aliuchomoa, akapangusa theluji kwenye suruali, akanigeukia.

"Shemeji, huu mlima wenu unauma vidole," alisema.

Nilikuwa nyuma yake hatua kumi na tano, nimebeba hema na mafuta ya taa. Nikamjibu, "Tembea wewe, fuata mistari." Nimesema mengi maishani mwangu, ya kweli na ya uongo, lakini hayo ndiyo yaliyonibaki.

Mistari yenyewe ilikuwa miwili, imenyooka kama reli ipitayo Same, ikikatiza barafu kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Ilikuwa imechorwa asubuhi ile na Wazungu watatu waliopita mbele yetu na mbao miguuni. Wao waliziita skii. Sisi wapagazi tuliziita mbao, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa mabegani mwetu kwa siku nne, ndefu, nzito na hazina pa kushika. Walikuja Kilimanjaro Aprili ya mwaka 1987, masika yenyewe, wakati watalii wenye akili zao wanaukimbia mlima. Wao waliitaka hiyo masika kwa kuwa mvua ikinyesha chini, juu huanguka theluji. Walibandika ngozi chini ya zile mbao, manyoya yakielekea nyuma, wakawa wanapanda bila kuteleza. Wakifika kileleni mwa mteremko hubandua ngozi, huziweka kifuani ndani ya koti, kisha huteremka. Nusu siku ya kupanda kwa dakika chache za kuteremka! Niliona ni wazimu, na mpaka leo sijabadilisha mawazo.

Kiongozi wao aliitwa Anton. Huko kwao kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kuwapeleka watu kwenye milima ya theluji na kuwarudisha wazima. Safari hii alikuwa amewaleta mtu na mkewe. Alikuwa mpole na mwenye maneno machache, na kila jioni alizipangusa mbao zake kama mama anavyompangusa mtoto makamasi.

Na Novatus? Novatus hakuwa mtu wa mlimani. Alikuwa fundi cherehani, kaka wa mke wangu Ernesta, na nyumba yake Vudee, kijijini kwetu milimani juu ya Same, ilikuwa jirani na yetu. Ile miaka ya uhaba, wakati duka la ushirika lilikuwa na rafu na mwenye kuzipangusa vumbi tu, Novatus alikuwa mtu mkubwa. Kola ikichakaa, aliigeuza upande wa pili. Suruali ya baba aliikata akatoa za watoto wawili. Niliwahi kumwona akimshonea bibi harusi gauni kwa pazia, na kanisani watu wakalisifu gauni wasilitaje pazia. Kisha ikaja ruksa. Sukari ikaonekana, sabuni ikaonekana, na marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni Same. Tulishangilia wote, na yeye pia alishangilia. Baada ya mwaka mmoja cherehani yake ilikuwa imefunikwa gunia, maana nani atatia kiraka wakati shati zima la Ulaya linauzwa chini kwenye turubai? Akaja kwangu. Mimi nilikuwa nimekwishapanda mlima miaka tisa, nimetoka upagazi nikawa msaidizi wa kiongozi, na nilijisikia sana kwa cheo hicho.

"Nichukue hata kubeba masufuria," aliniambia. Viatu alivyovaa kwa safari ile vilikuwa vya mtumba. Alivichagua mwenyewe robotani, akavisifu mshono.

Asubuhi ya kuondoka Ernesta alitusindikiza mpaka njia inapoanza kuteremkia Same. Alimrekebisha kaka yake kola, ingawa ilikuwa imekaa sawa. Kisha akaniambia mimi, si yeye, "Huyu ndiye kaka pekee niliyenaye. Nirudishie mtu, usinirudishie habari."

Nilicheka. Nikamwambia mlima naujua kuliko shamba langu.

Njiani Novatus alikuwa raha tupu. Tulipopita penye soko la ndizi karibu na lango, zile mbao zikiwa kichwani mwake, akina mama walimwuliza tunakwenda kuezeka nyumba ya nani. "Ya Mungu, mama," alijibu. "Masika hii inavuja." Hata mkuu wetu wa msafara, mzee asiyecheka ovyo, alicheka. Siku ya tatu mzee huyo alishikwa na kichwa na kutapika, akabaki kibandani na wapagazi wengine, nami nikaambiwa niendelee. Ndivyo nilivyokuja kuwa mkubwa wa watu wawili, mimi na Novatus.

Asubuhi ile Anton aliniita kando. Wao wangekatiza barafu, wapande ukingo wa pili na kuteremkia upande wa nyuma. Sisi tungezunguka na mizigo, tukutane jioni. Alinyoosha fimbo yake kwenye miamba, akasema kwa Kiingereza, mawe, mawe tu. Akaionyesha barafu, akatikisa kichwa. Kiingereza cha mlimani nilikuwa nacho. Nilimwelewa, naomba jambo hilo lisitafutiwe kichaka. Nilimwelewa vizuri kabisa.

Lakini mawe yalikuwa yamefunikwa na theluji ya usiku, kila hatua unapapasa, na baada ya saa nzima tulikuwa bado tunaiona sehemu tuliyolala. Vidole vya Novatus vilikuwa vimekufa ganzi. Pale chini yetu mistari ilikuwa imelala, myeupe, mizuri, inafika moja kwa moja kule tunakokwenda. Nikafikiri yule Mzungu hataki tu tumkanyagie kazi yake, kama mwanamke aliyefagia uwanja akakuambia upitie nyuma ya nyumba. Nikafikiri pia, watu wazima watatu wamepita hapa, tena wamenenepa, sisi tuliokonda itatuzamisha kwa nini? Kwetu mtu akivuka mto usioujua, nawe hukanyaga alipokanyaga. Sikujua kwamba ubao mrefu unaugawa uzito wa mtu. Wenye mbao hupita juu ya tundu lililofunikwa na theluji wasijue kama lipo, bali mguu mtupu hutoboa. Hayo niliyajua jioni.

Hatua chache baada ya kicheko chake Novatus alizama mwili mzima. Sikusikia ukelele. Nilisikia masufuria yakigongana, yakishuka, yakigongana tena, kisha kimya.

Nilitambaa kwa tumbo mpaka kwenye tundu. Halikuwa kubwa kuzidi dirisha la jikoni. Ndani kulikuwa na rangi ya buluu, na chini zaidi giza.

"Niko, shemeji," alisema kutoka huko. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hilo ndilo lililonitisha. "Mguu wa kushoto umevunjika. Nimebanwa kiunoni."

Nilifungua kamba ya katani ya mzigo wangu. Nikaunganisha na za hema, nikaongeza mkanda, nikavua sweta nikaifunga mwishoni. Nikateremsha.

"Naiona," alisema.

"Shika."

"Haijafika. Bado kama urefu wa mtu."

Nilitia mkono tunduni mpaka begani, shavu likagandamana na barafu. "Sasa?"

"Bado, shemeji."

Tulifanya hivyo sijui mara ngapi. Mara ya mwisho aliniambia niivae tu sweta yangu, nitapata homa. Yeye ndiye aliyekuwa shimoni, na bado ananifikiria mimi homa!

Kamba ya kweli walikuwa nayo Wazungu, ng'ambo ya ukingo. Hapakuwa na njia nyingine, na aliyewahi kunilaumu kwa kwenda kuitafuta sijamwona. Mimi nazungumzia namna nilivyokwenda.

Kwetu Vudee ukungu ukishuka humwoni hata anayelima tuta la pili. Kwa hiyo watu huitana. Na mtu akiitwa huitika kwanza, mengine baadaye, hata kama ana chakula mdomoni, hata kama wamegombana. Mtoto hufunzwa kuitika kabla hajafunzwa kusema shikamoo. Aliyeita akinyamaziwa hujua amebaki peke yake.

Nilipaswa kumwambia, "Novatus, nakwenda kuleta kamba." Maneno manne, hayamalizi pumzi ya mtu. Lakini niliogopa atasema nisiende. Nilimjua, hakupenda kukaa peke yake hata msibani, na nilijijua mimi mwenyewe kwamba akiniomba mara moja tu nitabaki pale, naye atafia masikioni mwangu. Kwa hiyo niliinuka polepole. Nilirudi nyuma kwa magoti, nikiinua viatu vizuri visikwaruze, kama mwizi anayetoka nyumba ya watu. Niliporudi kwenye mawe ndipo nikasimama, nikaanza kuzunguka.

Akaita. Hakuita shemeji, aliita jina langu. "Elirehema!"

Sikuitika. Nilijiambia natunza pumzi.

Akaita tena. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, na sauti ilikuja kama anatembea pembeni yangu. Mara ya tatu nilisimama. Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi, nikaufunga. Nitamwambia nini sasa, wakati nimekwisha kuondoka? Mara ya nne ilikuwa ndefu, jina limevutwa kama tunavyoitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Baada ya hapo nilivuka mwamba mkubwa na sikusikia tena.

Nilipofika juu ya ukingo niliwaona. Jua lilikuwa upande wao. Walikuwa wanateremka mmoja baada ya mwingine, wanapinda kushoto, wanapinda kulia, theluji inatimka nyuma yao, na yule mama alikuwa anacheka kwa sauti. Nilipiga kelele, nikapunga mikono yote miwili. Nao wakasimama, wakaniangalia, wakanipungia fimbo kwa furaha. Kisha wakaendelea kuteremka. Walidhani nawashangilia.

Ilinibidi niwafuate mpaka chini. Nilimweleza Anton. Alibandika ngozi kwenye mbao zake akaanza kupanda, na sijawahi kuona mtu akipanda vile, lakini mlima haujali haraka ya mtu. Tulipofika kwenye tundu zilikuwa zimepita zaidi ya saa nne. Hakuna aliyeita.

Anton alijifunga kamba, akashuka, sisi watatu tumeshika. Alikaa chini muda mrefu. Alipotoka alikaa kitako juu ya theluji na kuvua glavu, akaitazama mikono yake. Nilimwuliza. Alitafuta maneno ya Kiingereza ambayo ningeyaelewa, akaweka kiganja kifuani pake.

"Hapa," alisema. "Hapa bado kuna joto."

Novatus hakutoka. Barafu ilikuwa imembana na kila tulipovuta alizidi kuzama. Jioni theluji ilianza kuanguka, kesho yake ikaanguka tena, na siku ya tatu watu waliokuja kutoka chini na vifaa hawakuliona hata tundu lilipo. Nilirudi Same na kupanda Vudee kwa miguu, mikono mitupu. Ernesta alikuwa anaanika mahindi. Aliponiona niko peke yangu aliendelea kutandaza mahindi yale kwa viganja mpaka yakalala sawa.

"Aliteseka?" aliniuliza.

"Hapana. Alikufa palepale."

"Hakusema kitu?"

"Hata neno."

Kwa kukosa mwili tulizika mgomba uliovishwa shati lake la Jumapili. Na uongo wangu ukamea. Ernesta aliushika kama watu wanavyoshika mstari wa Biblia. Waliokuja kumpa pole yeye ndiye aliyewafariji. Kaka yangu hakuteseka, alisema, Elirehema alikuwepo, Elirehema ameniambia. Alinihurumia kwa kuyaona yale. Kwa miaka mingi alinipa paja la kuku mbele ya watoto, na mimi nililila. Sikupanda mlima tena. Nililima tangawizi, nikazeeka, na kila asubuhi isiyo na ukungu, nikiteremka sokoni Same, Kibo ilikuwa imesimama pale kaskazini, nikajifunza kutembea nikitazama chini.

Mwaka juzi redio ilisema barafu ya Kilimanjaro inaisha. Ernesta alikuwa anachambua maharage. Aliacha.

"Basi watamkuta," alisema. Uso wake ulikuwa umechangamka, jamani, kama wa msichana. "Barafu haiozeshi. Tutamzika yeye mwenyewe, tuutoe ule mgomba. Na kwa vile alikufa palepale, atakuwa amelala tu, si ndiyo? Uso umetulia."

Anton alinieleza uso ule ulivyokuwa. Ulikuwa umeelekezwa juu, na mdomo uko wazi.

Nilimwambia mke wangu yote. Mawe, mistari, kamba, na jinsi nilivyoinua viatu visikwaruze.

"Alikuita mara ngapi?" aliuliza.

"Nne."

"Ukasikia zote?"

"Zote."

Aliyakusanya maharage, mazuri na mabovu, akayarudisha pamoja kwenye ungo mmoja. Akaingia ndani.

Hakuniacha. Hakunitukana, hata watoto hakuwaambia. Ananipikia, ananifulia, na nikiugua hukaa kando ya kitanda. Ila tangu siku ile haniiti. Chakula kikiwa tayari, au mgeni akija, au mvua ikitishia nguo na mimi niko shambani tuta la mwisho, huteremka mwenyewe na magoti yake yanayouma, taratibu, mpaka anafika mbele yangu. Husimama pale hadi nimwone.