Tanuri la Chalvères

Moshi ulimrudia Séraphin usoni kwa mara ya nne asubuhi ile, akarudi nyuma akikohoa, machozi yakimchuruzika mpaka kwenye masharubu. Ndani ya tanuri la mkate la kijiji moto ulikuwa ukinung'unika tu. Alikuwa ameulisha kuni tangu jana, taratibu, kama inavyofaa tanuri lililolala miaka kumi na mmoja, na bado kuba la mawe lilikuwa jeusi tititi. Mkate hauingii mpaka kuba ligeuke jeupe kwa joto. Hilo kila mtu wa Chalvères analijua, hata wale waliohamia bondeni wakawa wanarudi kwa mazishi tu.

Uwanjani palikuwa na watu kama ishirini, theluthi nzima ya kijiji, wameinua kola kwa sababu ya upepo wa mlimani.

"Séraphin, unaoka mkate au unakausha nyama?" mmoja akamtupia.

Wakacheka. Naye akacheka kidogo, ingawa roho ilikuwa inamuuma.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa kibarua wa kijiji. Alizoa theluji, alifyeka makaburini, alizibua mifereji, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje kuhusu jambo lolote. Kisha mwezi wa Aprili baraza likasema tanuri lina nyufa, libomolewe, pajengwe kibanda cha mapipa ya taka. Séraphin akasimama kikaoni, kofia mkononi, akasema hapana. Alishangaa mwenyewe kuisikia sauti yake. Wakampa mpaka Oktoba. Kiangazi chote, baada ya kazi, alilitengeneza kwa udongo na mawe, peke yake. Leo saa kumi na mbili jioni baraza lingepiga kura. Likioka, linabaki. Lisipooka, linakuja tingatinga.

Zamu zilikuwa zimepangwa Jumapili kwa desturi, vibao vyenye alama ya kila ukoo vikatiwa kofiani na kuchomolewa kimoja kimoja. Wa kwanza ndiye mwenye mkosi, maana yeye hupata tanuri ambalo halijakolea joto, na mkate wake hutoka umeungua chini na mbichi katikati. Zamu hiyo ilimwangukia Bi Philomène Jacquier, mwenye miaka themanini na sita. Ya pili ilimpata Meya, Odile Reynaud. Unga wa Bi Philomène ulikuwa umeshaumuka jikoni kwake tangu alfajiri, na unga ulioumuka haumsubiri mtu.

Bi Philomène mwenyewe alifika saa nne na fimbo yake, akainama, akachungulia kinywani mwa tanuri.

"Halipumui hili," alisema. "Tundu la nyuma liko wapi?"

"Tundu gani, bibi?"

"Pua yake! Kule nyuma, juu, panapoingia ngumi."

Séraphin alilikumbuka tundu lile vizuri sana. Mwezi wa Julai alidhani ni njia ya vicheche, akalijaza mawe na udongo, akalipiga lipu safi, tena akamwita Meya aje aone kazi.

"Nimeliziba," alisema.

"Umeliziba pua?" Bi Philomène akapiga fimbo chini. "Ewe mtoto wa Gonnet! Mama yako angekuchapa mbele ya watu wote hawa."

Meya akasogea. "Bwana Gonnet, usiguse kitu. Mhandisi aliyekagua nyufa alituambia, ukiligonga kuba hilo likiwa la moto, linaweza kushuka lote. Acha lizimike lenyewe. Angalau litabaki limesimama mpaka jioni."

"Limesimama limekufa," Séraphin akasema.

"Na likikuangukia?"

Séraphin alikuwa anaogopa, na hakujali kama walimwona anaogopa. Akachukua tindo na nyundo ndogo.

"Niliziba mimi, nitazibua mimi."

Alizunguka nyuma, kwenye upande wa mlima penye upupu, akapanda juu ya jiwe. Lipu yake nzuri ilikuwa ya moto kama sufuria. Akagonga kidogo, akasikiliza, akagonga tena. Alitoa jiwe la kwanza, la pili, la tatu, vidole vikimwungua ndani ya glovu. La mwisho lilikataa kutoka, akalisukuma kwa ncha ya tindo, likatumbukia ndani kwa kishindo, na mahali fulani ndani ya kuba mawe yakasagana. Séraphin alifumba macho.

Kuba halikushuka. Badala yake moto ulivuta pumzi ndefu, ukanguruma.

"Linapumua!" mtu akapiga kelele kule mbele. "Linawaka, jamani!"

Ilipofika saa sita, weupe ulianza kwenye kilele cha kuba, ukateremka polepole pande zote. Bi Philomène aliutazama mpaka ukafika chini, akajifuta macho kwa pembe ya shali, akasingizia moshi. Makaa yakavutwa nje, sakafu ikafutwa kwa fagio la majimaji, na mikate yake kumi na miwili ikaingizwa kwa koleo refu la mbao.

"Itaungua chini," alisema kwa furaha. "Sina meno. Nitaichovya kwenye supu. Haya, zamu ya pili ajiandae!"

Watu wakageukiana. Odile Reynaud akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa amechomoa kibao Jumapili kwa adabu tu. Nyumbani kwake hapakuwa na hata konzi moja ya unga uliokandwa.

"Sikufikiri..." alianza.

"Ulifikiri halitawaka," Bi Philomène alimkatiza. "Twende kwangu. Chachu ninayo, beseni ninalo. Vua hiyo saa ya mkononi."

Kengele ya saa kumi na mbili ilipolia, ukumbi wa baraza ulikuwa umefungwa na hakuna aliyeikumbuka kura. Wajumbe wawili walikuwa wamemshikia Meya ubao wenye mikate yake mibichi, na mjumbe wa tatu alikuwa akiuliza chachu imebaki kiasi gani.

Séraphin alikwenda kwenye rundo la kuni, akasimama. Yalibaki matita mawili. Miezi yote ile ya kujenga, na alikuwa amekata kuni za watu wawili tu; hata yeye hakuwahi kuthubutu kuota zaidi ya hapo. Wa tatu sasa alikuwa anangoja, na wa nne nyuma yake.

"Kuni zimeisha?" Odile akauliza.

"Karibu."

Kule juu mlango wa ghala moja ulifunguliwa, kisha wa pili, na watu wakaanza kuteremka kwenye njia ya mawe, mikono imejaa kuni.