Miguu Koridoni

Mimi si mtu wa subira, na kazi yangu ni kukaa na vijana wenye machungu mpaka waseme. Mungu ana utani wake.

Kiberiti alikuwa binti wa miaka kumi na sita, na jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi alivyowaka upesi. Shule ilishamfukuza kwa kupigana. Kwao kulikuwa na mama mlevi na mdogo wake wa kiume, na kituo chetu ndicho pekee kilichokuwa bado kinampokea. Hata sisi tulikuwa tumempa onyo la mwisho: akitoka tena katikati ya kikao bila ruhusa, asirudi.

Siku moja nilimuuliza, kwa ile sauti laini tuliyofundishwa chuoni, shida za nyumbani zimemwachia jambo gani jema.

"Usingizi wa mang'amung'amu," akasema. "Nikukatie kidogo, anti?"

Wenzake walicheka mpaka basi. Nilistahili, maana nilikuwa nimelikimbilia jema kabla ya kuusikiliza ubaya.

Wiki iliyofuata, kikao kimepamba moto, aliinua kichwa, akatega sikio, akasimama na kutoka. Mkuu wa kituo, aliyekuja kututazama siku hiyo, akatikisa kichwa. Niliumia. Nilimpenda yule binti, jeuri yake na yote.

Tukamfuata. Alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi, kando ya msichana mdogo aliyekuwa akilia, mgeni tuliyemsubiri tangu asubuhi. Mtoto alikuwa amefika mlangoni kwetu akaogopa kubisha, akageuka aende zake. Kiberiti hakumbembeleza. Alikuwa akimweleza choo kilipo, na kwamba mle ndani hakuna anayelazimishwa kusema.

Nikamuuliza amejuaje kwamba kuna mtu.

"Mama akirudi nasikiliza miguu yake. Inavyotua ndiyo najua kama nimfiche mdogo wangu au nilale. Hii ilikuwa inaogopa." Kisha akamwona mkuu, sauti ikamshuka. "Ndiyo nimefukuzwa?"

"Hapana," nikasema, kabla mkuu hajafungua mdomo. Naye hakunipinga.

Machozi yalinilenga na sikuyaficha. Nilivuta pumzi niseme neno, lakini Kiberiti alishanijua.

"Usianze, anti. Mama simshukuru kwa hili, hata kidogo." Akamwinua mtoto kwa mkono. "Ila huyu limemfaa."