Majaribio ya Fundi Subiri

Kitinda aliinunua ile laptopu kwa ajili ya mama yake. Haikuwa na feni, kwa hiyo haikuvuma na kumshtua mgonjwa, na prosesa yake, ule ubongo wa mashine, ilikula umeme kidogo mno hata betri ikadumu kutwa nzima. Aliketi nayo pembeni ya kitanda cha mama, akishughulikia madai ya wateja wa kampuni ya bima iliyomwajiri ukarani, na kila alipopata nafasi akamshika mkono mzee yule aliyekuwa anasahau kila kitu: kama amekula, kama ameoga, kama mumewe alishakufa. Kimoja tu hakukisahau. "Kitinda mimba wangu," ndivyo alivyomwita bintiye, na jina hilo likamganda hadi ofisini.

"Anakukumbuka kwa sababu anakuona kila saa," daktari alimwambia. "Usimwache muda mrefu. Akishakusahau, sina dawa ya kukurudisha kichwani mwake."

Basi nyumbani pale palikuwa na neema, lakini neema haikosi nzi. Ili kufikia mafaili ya ofisi, karani alipaswa kupitia VPN, yaani njia ya siri inayounganisha laptopu yake na kompyuta za kazini. VPN ya ofisi ile iliandikwa kwa ajili ya prosesa za zamani, zile zinazobugia umeme bila haya. Kwenye laptopu ya Kitinda ilibidi kila amri ipite kwanza kwa mkalimani aliyemo ndani ya mashine, na mkalimani huyo alikuwa mzito. Laptopu ikachemka, betri ikaisha kabla ya chakula cha mchana, laini ikakatika kila mara. Ingekuwa kero tu, ila ofisi ile ilihesabu mahudhurio kwa VPN. Laini ikiwaka, upo kazini; ikikatika, umetoroka. Ulikuwa ujinga, lakini ujinga wa wakubwa huitwa utaratibu.

Meneja akampigia simu. "Dada, mbona unaingia na kutoka kama kuku jikoni? Unafanya nini huko?"

"Bosi, ni VPN. Walioitengeneza wameshatoa toleo la prosesa yangu, lililoandikwa kwa lugha yake yenyewe. Nikiwekewa hilo, haikatiki."

"Kaongee na fundi. Ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, utarudi kukaa ofisini kama wenzako."

Fundi wa kompyuta waliyemwita Fundi Subiri ndiye peke yake aliyeruhusiwa kubadilisha programu za ofisi. Jina alilipata kihalali: "subiri" ilikuwa salamu yake, jibu lake na kwaheri yake.

"Subiri," alimwambia Kitinda. "Siwezi kupitisha toleo ambalo sijalijaribu. Na ofisi haina laptopu ya aina hiyo."

"Yangu ipo. Nikuletee?"

Siku hiyo Fundi Subiri hakusema subiri. "Lete hata kesho," alisema.

Hapo ndipo Kitinda alipojipalia makaa. Hakuna aliyemlazimisha. Alimwahidi Meneja kwamba majaribio yakiendelea yeye atafanyia kazi ofisini, kwenye kompyuta ya mezani, ili kazi isilale. Mama akapelekwa kwa kaka mkubwa, kwa siku chache tu. Wifi yake, mke wa kaka, alimpokea mgonjwa kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya yule wifi, na ingekuwa afadhali angekuwa mbaya, angalau Kitinda angepata wa kumlaumu.

Siku chache zikazaa wiki. Fundi alijaribu, akasubiri, akajaribu tena. Kitinda naye, kwa haraka ya kurudi kwa mama na hamu ya kulisafisha jina lake, alichapa kazi kama aliyepagawa, akamaliza hata madai yaliyoota vumbi tangu mwaka uliopita. Jioni alipitia kwa kaka yake, na kila jioni alimkuta mama amelala.

"Usimwamshe, wifi," aliambiwa kwenye korido. "Leo kahangaika sana."

Akawa anachungulia mlangoni, anaondoka.

Hatimaye toleo jipya likapita. Laini haikukatika hata mara moja, laptopu haikupata joto, betri ikafika jioni. Kitinda aliingia kwa Meneja kuaga, moyo mweupe.

"Hongera!" Meneja alisema. "Tumeagiza laptopu kama yako kwa wakuu wote wa idara. Mimi mwenyewe Jumatatu naanza kufanyia kazi nyumbani."

"Na mimi, bosi?"

"Wewe? Ukiwa hapa unafanya kazi ya watu watatu! Nikurudishe nyumbani ili iweje?" Akacheka. "Si mama ameshapata pa kukaa?"

Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hacheki. Kitinda alitamani kumtupia kitu usoni. Badala yake alichukua mkoba, akatoka bila ruhusa, akaenda kwa kaka yake jua likiwa bado kali.

Alimkuta mama yu macho, ameketi sebuleni, wifi akimkata kucha. Mama akamtazama kwa upole.

"Karibu, binti. Kaa. Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi. Kitinda mimba wako."

Mama akatabasamu kama mtu aliyesikia utani wa mtoto, akaushika mkono wa wifi. "Kitinda mimba wangu si huyu hapa? Tangu asubuhi hajaniacha."

Wifi akafungua mdomo, machozi yakimlenga. Kitinda akamtikisia kichwa anyamaze. Kisha akapiga goti mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama alisema. "Na mama yako, hajambo?"

"Hajambo," alijibu Kitinda.