Mpasuamawe Ahamia Toleo Jipya

Jumamosi asubuhi fundi wa meno bandia alikuwa akipanga meno ya juu kwenye nta, jino baada ya jino, kufuata taya la plasta aliloletewa na daktari, ndipo kiganja chake cha kushoto kilipoungua. Alikwenda kwenye bomba, akauweka mkono chini ya maji mpaka maumivu yakatulia, kisha akarudi kwenye kiti chake kirefu na kuendelea na jino la mbele. Upande wa pili wa mji mumewe, mchomeleaji vyuma, alikuwa ameshika ncha ya geti ambayo bado ilikuwa nyekundu. Aliishika kwa mkono mtupu, akaigeuza, akaona imenyooka, akaridhika.

Kwao hayo yalikuwa mambo ya kawaida. Yalianza zamani, walipokuwa wachumba wakicheza kila Jumapili ule mchezo wa mezani wenye kitabu kinene cha sheria, dadu za pembe nyingi, na wahusika ambao kila mchezaji hulea wake mwaka hadi mwaka. Fundi wa meno alikuwa Mpasuamawe, jimama la milimani lenye nyundo begani na sikio moja, la pili alilipoteza akiwaokoa wenzake mtoni. Mchumba wake alikuwa Kivuli, mwizi mwembamba anayepenya hata kwenye nyufa za milango. Toleo lile lilikuwa na sheria iliyoitwa Kiapo: wahusika wawili wakila kiapo, jeraha la yeyote kati yao humwendea mwenye uhai mwingi. Uhai ulipimwa kwa alama, na Mpasuamawe alikuwa nao wa kumwaga. Basi wakala kiapo Jumapili moja, huku wakicheka na kushikana vidole chini ya meza. Kesho yake mchumba alijigonga nyundo kidole gumba, na kucha iliyong'oka ikawa ya msichana.

Hakuna aliyekiita kioja. Mama mkwe alisema ndoa zote ziko hivyo, ila nyingine hazionekani kwa macho.

Mwanzoni mume aliona haya. Alivaa glavu nene na miwani ya kazi, na jioni alimpaka mkewe dawa ya kuungua kwa vidole vya upole kabisa. Lakini mtu akishaacha kuumia husahau kuna kuumia. Glavu zikabaki kwenye msumari, miwani ikafuata, na siku hizi alikuwa akichomelea macho makavu huku wateja wakimsifu kuwa ni mwanamume wa shoka. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtu anayeuza manukato. Mkewe ndiye aliyelala na kitambaa cha maji baridi machoni, na asubuhi ndiye aliyekaa mbele ya mshumaa wa kuyeyushia nta akijikaza kisabuni.

Kazi ya meno bandia haitaki mkono wenye malengelenge. Jino likienda upande hata kwa unene wa unywele, mwenyewe atatafuna kwa shida mpaka kufa. Fundi aliipenda kazi yake kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na aliona wazi kwamba inamponyoka. Kwa hiyo aliposikia dukani kwamba mchezo umetolewa toleo jipya, na kwamba humo Kiapo kimefutwa, hakuuliza swali la pili. Alikinunua kitabu, akakificha chini ya aproni yake kwa siku kadhaa, na Jumapili akakiweka mezani, pale pale kwenye karakana yake ambako walikuwa wakifuta vumbi la plasta na kucheza.

Walikuwa wanne. Msimulizi wa mchezo, yule anayejua yaliyo nyuma ya kila mlango na kuwaambia wengine wameona nini, alikuwa mwalimu wa hesabu. Wa nne alikuwa wifi yake fundi, dada wa mume, msusi mwenye saluni mtaa wa nyuma.

"Toleo jipya la nini?" mwalimu aliuliza. "La zamani limetukosea nini?"

"Limechanika, mwalimu."

"Si tuligundishe?"

"Kurasa nyingine hazipo kabisa."

Mume alikivuta kitabu karibu. Alikipapasa kitabu jalada, akakifungua, akakifunga. "Mimi nimeshazoea la zamani, mke wangu," alisema, akaitazama mikono yake.

Mwalimu alikichukua kitabu shingo upande akaenda kukisoma. Wiki ile mume alizitafuta glavu zake. Alizikuta zimekauka na kukakamaa, akazipaka mafuta, akaanza kuzivaa akiwa nyumbani, hata mezani wakati wa kula, hata kitandani. Mkewe aliyaona hayo akajisikia kuwa na furaha, na akaona aibu kidogo kwa kuwa na furaha. Mwalimu naye alirudi Jumapili iliyofuata akiwa mtu mwingine. Alikuwa amekisoma kitabu chote, wakati wa mapumziko shuleni na hata wakati wa kusimamia mitihani.

"Hesabu zake ni safi," alisema. "Safi sana. Tuhame."

Wakaanza kuhamisha wahusika. Kivuli alihama bila matatizo. Mganga wa wifi alipunguziwa dawa, akaongezewa punda. Ilipofika zamu ya Mpasuamawe, mwalimu aliweka kidole kwenye ukurasa.

"Kiapo kimefutwa," alisema.

Fundi alishusha pumzi. Mume akazivuta glavu zake, akazikaza.

"Sasa una njia mbili," mwalimu aliendelea. "Unaweza kumwacha Mpasuamawe ukaanza na mhusika mpya, daraja la chini kabisa. Hapo unaingia mweupe, hakuna cha zamani kinachokufuata. Au unamhamisha pamoja na yote aliyonayo."

"Anza upya, wifi," alisema msusi, ambaye alikuwa na moyo mzuri. "Watu wanasema kuanza upya kuna raha yake."

Mtu asiyecheza mchezo huu angejibu mara moja, akanywa chai yake akaenda nyumbani salama. Fundi alikuwa anaucheza. Alimfikiria Mpasuamawe na lile sikio lake moja. Alifikiria walivyovuka pamoja mji uliofurika, yeye mbele, wenzake wote mgongoni. Alikumbuka mwaka aliotokwa na mimba, ambapo watu hawakujua la kumwambia, na yeye alikuwa akingoja Jumapili ili awe, kwa saa chache, mtu ambaye hapasuki. Huwezi kumwambia mtu kama huyo asante na kwaheri, ukamtia kwenye pipa la taka.

"Mpasuamawe simtupi," alisema.

"Una uhakika?"

"Ninao."

Mwalimu akaandika, kisha akageuza ukurasa na kusoma kwa sauti ile ile anayosomea kanuni za pembetatu. Mhusika aliyebeba majeraha ya mwenzake katika toleo la zamani huingia toleo jipya kwa jina la Ngao. Jeraha la yeyote aliyeketi kwenye meza, hata maradhi, humwendea Ngao, bila kuapa, mradi mwenye jeraha apende limwendee.

Bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye sinki.

"Yeyote?" wifi aliuliza. "Yaani hata mimi?"

"Wote waliokaa mezani."

Wifi aliupapasa mgongo wake, uliokuwa ukimuuma tangu zamani. Alinyooka tu kwenye kiti chake, akakaa wima kwa namna ambayo hakuwahi kukaa tangu afungue saluni. Mume alivua glavu, ya kulia kwanza, akaziweka sakafuni karibu na mguu wa kiti. Fundi alishika kiuno. Maumivu yalikuwa ya chini, mazito, yenye miaka mingi.

Wiki ile kila mtu aliendelea na kazi zake. Wifi alisuka tangu asubuhi mpaka jioni bila kukaa, na maji ya moto yalipomrukia kifuani alijifuta tu na taulo. Mwalimu, aliyekuwa na vidonda vya tumbo, alikula pilipili kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, akasifu mapishi. Mume alichomelea paa la ghala. Karakanani fundi alikuwa akiweka jino, akiliondoa, akiliweka tena. Siku moja daktari alirudisha meno ya mzee mmoja. Yalikuwa yamekaa upande. Daktari hakugomba, alimtazama vidole kwa huruma, na kazi ya wiki iliyofuata akampelekea fundi mwingine.

Aliogopa sasa. Aliogopa kwa ajili ya mgongo, tumbo na macho yake, lakini zaidi aliogopa kwa ajili ya vidole. Jumapili aliwauliza wenzake kama anaweza kumpumzisha Mpasuamawe, akaanza upya kama alivyoshauriwa.

Mwalimu alitafuta kwenye kitabu kwa haki kabisa, bila kuruka mstari. "Inawezekana," alisema. "Ngao hupumzika wenzake wote wakikubali. Tunyooshe mikono. Anayekubali?"

Fundi aliwatazama mmoja mmoja. Mume alikuwa akikuna ubao wa meza kwa ukucha.

"Wewe ndiye uliyelileta toleo hili, mke wangu," alisema bila ukali wowote. "Sisi tulikuwa na letu."

Wifi alikuwa analia. "Wifi, nakupenda, Mungu anajua. Lakini huu mgongo, wewe hujui ulivyokuwa."

"Naujua," alisema fundi.

"Basi utanielewa."

Mikono ilibaki juu ya meza. Mwalimu alisubiri kidogo, asije akaonekana ameharakisha, kisha akasema zamu ni ya Kivuli. Wakacheza mpaka jua likaondoka dirishani, na ulikuwa mchezo mzuri. Mpasuamawe alivunja lango la ngome kwa pigo moja, wote wakapiga makofi.

Wakati wa kukusanya dadu mwalimu alitoa bahasha ya hospitali mfukoni, akaiweka mbele ya fundi bila kuifungua. Alieleza, huku amekiinamia kikombe, kwamba ni ini. Alisema daktari amempa muda mfupi. Alisema hangependa kumlemea mtu, lakini ana watoto, na sheria ndivyo ilivyo. Sehemu nyeupe ya macho yake ilikuwa ya manjano alipoanza kusema, na alipomaliza ilikuwa safi kama yai lililomenywa. Wifi alimpelekea fundi kiti chenye mto. Mume alimletea chai, akaipuliza mwenyewe kwanza ipoe.

Habari zilitembea mtaani kama habari zinavyotembea, kupitia saluni. Jumapili iliyofuata, walipokuwa hawajafuta hata vumbi la plasta, mlango ulibishwa. Alikuwa jirani mwenye magongo, akiuliza kama mchezo huo unaruhusu wageni. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyemshikilia baba yake mzee kwapani, na mzee alikuwa akikohoa kwenye leso. Nyuma yao kulikuwa na wengine, wametulia, wamepangana kandokando ya ukuta mpaka kwenye kona. Wote walikuwa wameoga na kuvaa nguo nzuri. Mwalimu, ambaye afya yake sasa ilikuwa ya kuonewa wivu, aliwakaribisha ndani kwa moyo mkunjufu, akasema kitabu hakijaweka kikomo cha wachezaji. Mume alitoka kwenda kuazima mabenchi.

Mzee wa leso alikuwa wa kwanza kuketi. Alimgeukia fundi kwa adabu, kama mgeni anavyomgeukia mwenyeji.

"Na wewe, binti yangu, unacheza kama nani?"

Fundi alifungua mdomo, lakini wifi alikuwa ameshamjibu. "Huyo ndiye Ngao, baba. Keti hapo hapo karibu naye."

Mzee alishukuru. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza safi baada ya miaka, akaikunja leso na kuitia mfukoni. Watu waliokuwa mlangoni wakaanza kuingia wawili wawili, na fundi, akikohoa, akasogeza kiti chake ili wapate nafasi.