Mshale wa Chaji

Nilipokata waya wa kwanza, Baba alifumba macho.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mkono wa kushoto juu ya usukani, wa kulia umelala pajani pale nilipouweka. Mimi nilikuwa nimejikunja upande wa abiria, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, plaizi mkononi, vumbi la miaka yote linaniingia puani. Waya ulisema ta! Nikageuka kumtazama, nikamkuta kama mtu anayesubiri kudungwa sindano.

"Pole, Baba," nikamwambia. "Bado nyingi."

Tangu mvua za mwaka uliotangulia alikuwa hajamjibu mtu.

Baba alikuwa fundi umeme wa magari, na mimi ni fundi umeme wa magari, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuona ajabu. Kaka yangu ndiye aliyezaliwa kwanza, lakini alichukia mafuta kwenye kucha. Akaenda kusomesha hesabu. Mimi nikabaki gereji. Baba hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Ukikosea, hagombi. Anasimama nyuma yako, anajikohoza, anasubiri uone mwenyewe. Usipoona, na kosa lenyewe ni la kuunguza kitu, ndipo anatoa neno moja: "Geuza." Geuza betri, geuza waya, geuza spana, geuza hata hiyo sura uliyoikunja. Neno lile limeniliza, jamani! Mara ngapi nimemwambia marehemu mama kwamba gereji sikanyagi tena, na kesho yake mimi ndiye nafungua lango.

Tena alikuwa na tabia yake moja. Kila alipounga waya, kabla ya kufunga tepu, aliuzungushia uzi mwekundu kutoka kwenye cherehani ya mama. "Tepu inazeeka, inaachia," alikuwa akisema. "Uzi wa mama yenu hauachii." Mama alipofariki, Baba alichukua vibiringo vya uzi vilivyobaki akaviweka kwenye sanduku la spana, akawa anatumia kidogo kidogo.

Kiharusi kilimkuta anafunga boneti ya gari hili hili. Kilichukua mkono wa kulia, kikauachia mguu nusu, kikachukua maneno yote. Akili ilikuwa timamu. Ukimtania, jicho linacheka. Lakini akifungua mdomo, hakitoki kitu, na mwenyewe anaona hakitoki, anaufunga. Mtu wa neno moja alinyimwa hata hilo moja. Niliona uonevu mkubwa, na sikujua nimlalamikie nani.

Dada wa hospitali, yule wa mazoezi ya kusema, ndiye aliyetupa tumaini. Alisema kuna wagonjwa wanaoshindwa kutaja majina yao wenyewe, lakini wakiwekewa nyimbo za ujana wao wanaimba maneno yote. Kisha akatuonya: "Msichelewe. Mdomo ukishazoea kunyamaza, kuurudisha ni kazi."

Kaka alimwekea nyimbo kwenye simu. Baba aliisukuma. Masikio yake yalikuwa yameliwa na kelele za gereji, na kwake simu ilikuwa ni mbu tu. Isitoshe, ndani ya nyumba alikuwa hakai. Kila asubuhi alijikokota mpaka kwenye gari lake la zamani, akaketi nyuma ya usukani, akaukazia macho ule mshale mdogo wa mita ya chaji uliolala katikati, hauendi kokote. Basi nikasema, kama hatoki humo, wimbo utamfuata humo humo. Nitafunga redio kubwa, amplifaya na spika za milangoni, hata kiziwi asikie.

Kulisema ni rahisi. Gari lenyewe lilikuwa na umri kunizidi. Dainamo yake ilikuwa imechoka. Ukiwasha taa na wipa pamoja, linaguna. Na lilifungwa kwa mtindo wa kale: chanya ya betri ndiyo iliyoshikishwa kwenye bodi, wakati magari ya leo hushikisha hasi. Redio ya kisasa ukiiunga humo, inaungua kabla hujapepesa jicho. Ilibidi dainamo itoke, iingie alternata, mashine ya kisasa ya kuchaji, betri igeuzwe, nyaya za chaji zitolewe, ziingie nene. Na nyaya hizo zote zilikuwa zimepita mkononi mwa Baba. Kila kiungo kilikuwa na uzi mwekundu.

Kaka alinikuta katikati ya kazi, sakafu imejaa nyaya.

"Unampasua mzee yungali hai?"

"Nyaya zake na sauti yake, kipi bora?"

"Na ukivikosa vyote viwili? Majuto ni mjukuu, we."

"Akija nitamlea mwenyewe."

Hakucheka. Alimwangalia Baba, akaangalia sakafu, akatoka. Nami nilijifanya jasiri tu. Kaka alikuwa amesema kile nilichokuwa nakiogopa. Katika vyote vya Baba, gari lile ndilo pekee lililobaki zima. Mwili wake mwenyewe ulikuwa umemshinda. Na ruhusa sikuwa nayo. Nilimwuliza, ndiyo, nikamweleza kila kitu kwa sauti ya juu, lakini yule mzee alinitazama tu. Kunyamaza kwake nilikuita kukubali kwa sababu nilitaka iwe hivyo.

Kila kiungo nilichokitoa, nilifungua uzi wake polepole nikamwekea Baba kwenye kiganja kizima. Alikuwa anafunga vidole. Jioni nilipomsaidia kushuka, alishuka na nyuzi zake.

Siku ya kuwasha, nilimwita Kaka. Alikuja moja kwa moja kutoka shuleni, chaki kwenye mkono wa shati, akaingia kiti cha nyuma. Mimi nikaketi kando ya Baba, nikanyoosha mkono, nikazungusha ufunguo. Injini ikaitika. Nikabonyeza redio.

Lo! Milango ilitetemeka. Ulikuwa wimbo wa dansi, magitaa mawili yanajibizana, ule aliokuwa akiupiga mluzi tangu mimi ni mtoto wa kubebwa. Nilimwona Baba ameshtuka. Amesikia! Nikaanza kuimba ili nimvute. Sauti yangu ni ya kufukuzia kuku, lakini niliimba. Nyuma yangu nikasikia Kaka naye anaimba, Kaka ambaye hata kanisani hutembeza midomo tu. Tuliimba mpaka mishipa ikatutoka shingoni, macho yetu yote kwenye mdomo wa Baba.

Mdomo haukusogea. Wimbo uliisha, ukaja wa pili. Kaka akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nikaziona zile nyaya nilizozitupa kwenye ndoo, kazi ya mikono ambayo haitafanya kazi tena, nikajua nimeiharibu kwa kelele tu. Nililia bila aibu, kichwa nimekiegemeza kwenye dashibodi. Kaka alinishika bega. Angeweza kusema "nilikwambia". Hakusema, na mpaka leo namshukuru.

Ndipo Baba alipojikohoza.

Kikohozi kile nakijua, nimekulia chini yake. Lakini machozi yalikuwa yamenijaa, sikuona kitu. Akajikohoza tena. Kisha akaupiga usukani kwa kiganja, pa! Nikainua kichwa. Uso wake ulikuwa umekunjamana upande mmoja, shingo imemvimba, mdomo unahangaika.

"Ge," alisema. Akapumua. "Geuza."

Kaka aliruka akazima redio. "Amesema nini? Amesema nini?"

Nikafuata macho ya Baba. Injini inanguruma, alternata mpya inachaji vizuri kabisa, lakini mshale wa mita umelalia upande wa hasi, kana kwamba gari linaila betri yake. Nilikuwa nimegeuza betri, nimegeuza koili ya plagi, nikasahau nyaya mbili za nyuma ya mita. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza!

"Amesema nimekosea," nilimjibu Kaka, nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Nikageuza, bila shaka. Kesho yake gari lilikuwa halina kasoro, nyimbo zikalia asubuhi nzima, na Baba akakaa kimya kama jana yake haikuwako. Kesho kutwa vilevile. Ni Kaka aliyenivuta pembeni, akanong'ona kama mwizi: "Ulikosea, akasema. Umepatia, kanyamaza. Hesabu gani hiyo inakushinda? Kosea."

Kukosea makusudi si kazi ndogo kwa fundi anayejiheshimu. Lakini nilikosea. Niliacha fyuzi mezani, nikalegeza vichwa vya betri, nikafunga boneti na bisibisi ndani. Baba alikuwa anajikohoza, anasubiri, na mimi najifanya kipofu. Neno likawa linatoka kwa jasho: "Fyuzi." "Kaza." Baadaye, mezani, bila kosa la mtu: "Maji."

Asubuhi moja nikarudia lile la kwanza. Niligeuza nyaya za mita, nikawasha, mshale ukaenda upande wa hasi. Baba aliutazama. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu, na ile nusu ya uso iliyokuwa hai ikaanza kutabasamu. Alikuwa amenijua. Pengine alikuwa amenijua tangu siku ya fyuzi.

"Geuza, mama," alisema.

Mama. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kama baba anavyomwita binti yake, na sikutegemea kulisikia tena. Nikageuza haraka asije akaniona nalia.

Hakuimba hata siku moja. Maneno aliyoyapata tena hayakujaa kiganja, lakini tulikula nayo, tukataniana nayo, na kwa hayo akatuaga mwaka uliofuata. Tulipokunja nguo zake, Kaka alikuta mfukoni mwa shati nyuzi nyekundu zimeviringwa. Tuligawana.

Gari naliendesha mimi. Redio siiwashi sana. Wiki ile tulipotoka kumzika, nilifungua dashibodi, nikageuza zile nyaya mbili za mita, nikafunga. Watu wanaojua magari wakipanda huniambia, "Fundi, mshale wako unakwenda kinyume."

Nawajibu kwamba najua.

"Sasa mbona hugeuzi?"

Nasubiri kuambiwa.