Watu wa Jumanne

Jina hilo nililitunga mimi, sitamsingizia mtu. Kituo chetu cha afya kina siku zake: Jumatatu wajawazito, Jumatano watoto wa chanjo, na Jumanne wanaotibiwa maradhi ya akili, chumba namba nne, mwisho kabisa wa korido karibu na choo. Mimi ndiye mtunza mafaili. Nakaa dirishani, mgonjwa akitoka kwa daktari ananirudishia faili, nasoma kilichoandikwa, kisha namwandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi yake. Ni kazi ya macho na mdomo, na mdomo nimejaliwa. Asubuhi moja nikaona benchi la chumba namba nne limejaa, nikamwambia mlinzi, "Haya, watu wa Jumanne wamefika. Ficha rungu lako wasije wakakunyang'anya." Alicheka mpaka akashika mbavu. Mwezi haukuisha jina likawa limefika getini kwa wauza matunda na waosha magari. Wakimwona mtu anaongea peke yake barabarani, wanaambiana, "Mwacheni, huyo Jumanne."

Nilijivuna. Niseme uongo ili iweje?

Sasa kaka yangu. Ni fundi cherehani, chumba chake cha kazi hakiko mbali na kituo. Tumenyonya ziwa moja ila baba mbalimbali, kwa hiyo majina yetu kwenye karatasi hayafanani, na pale kazini hakuna aliyejua kwamba ni ndugu yangu. Mama alipofariki ndiye aliyenilea. Sare zangu zote za shule alishona yeye, tena na mifuko ya ndani ambayo wenzangu hawakuwa nayo.

Siku moja wifi akanijia nyumbani, hata kiti hakukaa vizuri. "Wifi, kaka yako halali. Anakaa kwenye cherehani anapinda suruali, akimaliza anafumua, anapinda tena. Suruali ile ile, wiki ya pili sasa. Jana kaniambia amechoka kutubebesha mzigo. Nikamuuliza mzigo gani, akasema yeye mwenyewe."

"Kwani haumwi kitu kingine?"

"Tumbo linamuuma pia. Lakini si tumbo, wifi. Wewe unafanya kazi kule, unajua zaidi yangu."

Nilijua, ndiyo. Miaka kumi na moja nasoma mafaili ya watu, nisijue? Lakini nikalidaka hilo tumbo kwa mikono miwili. Nikamwambia amlete Alhamisi, siku ya wagonjwa wa kawaida.

Akaja Alhamisi, akapewa dawa za tumbo. Akaja tena, akapewa nyingine. Daktari wetu alikuwa mgeni, binti mpole mwenye sauti ndogo, na kwa foleni ile mtu akisema tumbo utamtibu tumbo. Mimi nimekaa hatua sita kutoka mlangoni pake. Ningeingia nikasema, "Daktari, yule fundi ni kaka yangu, hebu muulize habari za usingizi," ingenichukua dakika mbili. Sikuingia. Akilini nilimwona kaka kwenye benchi la chumba namba nne, nikawasikia waosha magari, nikaona mlinzi anavyonitazama. Mkuki kwa nguruwe, jamani.

Mara ya tatu daktari alikaa naye muda mrefu hadi foleni ikaanza kunung'unika. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Akanipa faili dirishani kama wagonjwa wote. Nikasoma: halali, hali chakula, huzuni nzito, anawaza kufa. Arudi Jumanne, chumba namba nne. Asikose. Neno la mwisho limepigiwa mistari miwili.

Mlinzi alikuwa ameegemea ukuta pale pale dirishani, kikombe cha chai mkononi, anasubiri umbea. Nikachukua kadi ya kaka, nikaandika Alhamisi, mwezi ujao.

"Umalizie kwanza dawa za tumbo," nikamwambia.

Akaitazama kadi. "Ndivyo alivyoandika daktari?"

"Ndivyo."

Akainama karibu na dirisha, akashusha sauti ili mlinzi asisikie. "Umesoma vizuri, mdogo wangu?"

"Nimesoma."

"Basi sawa," akasema. Kisha akanyanyuka, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ahsante, dada." Aliniita dada kama wanavyoniita wagonjwa wote, akaondoka. Faili lake nikalisukuma rafu ya chini, kwenye mafaili ya waliohama, ambako hata panya hawaendi.

Nilijiambia Jumapili nitakwenda kwake tuongee kindugu. Jumapili ikapita, na nyingine, na nyingine. Nilipokwenda nikakuta cherehani imefunikwa shuka. Wifi akasema kaka ametoka, na hakuniambia ametoka kwenda wapi. Hakunikaribisha chai. Nami nikashukuru moyoni kwamba sikumkuta, Mungu anisamehe.

Kwetu kila asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa, mimi ndiye ninayemsomea daktari barua zilizoingia, huku nesi akipanga dawa. Siku hiyo barua ilitoka kituo cha pili, ng'ambo ya mto, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Walikuwa wanaomba kumbukumbu za mgonjwa wao mpya. Nikaanza kusoma kwa mbwembwe zangu, nikafika kwenye jina. Jina la kaka.

Niliendelea, maana sikujua namna ya kuacha. Mgonjwa aliletwa na mkewe akiwa amedhoofu sana, na amekiri kwamba alikaribia kujitoa uhai. Sasa ameanza matibabu, lakini wanahofia kuwa safari ndefu itamfanya aache dawa. Wamemsihi arudi kituo cha karibu naye, amekataa.

Hapo ulimi ukagoma. Mimi, ambaye mdomo wangu haujui breki.

"Lete nimalizie mwenyewe," daktari akasema, akanyoosha mkono.

"Hapana. Nasoma." Nikasoma. "Mgonjwa anasema katika kituo hicho anafanya kazi mdogo wake, na hataki kumtia aibu."

Nesi akaacha kuhesabu vidonge. Daktari akaniambia nilete faili. Nililifuata rafu ya chini, na nikaona kabisa wanavyoona ninakoinama. Akalifungua, akaweka kidole kwenye mistari miwili.

"Nilimwandikia Jumanne. Hakuja. Kadi yake ilisemaje?"

Na siku hiyo nayo ilikuwa Jumanne. Nje benchi la chumba namba nne lilikuwa limeshajaa, na mlango wetu ulikuwa wazi. Nilitamani kuurudisha. Sikuurudisha.

"Alhamisi," nikasema. "Mwezi uliofuata. Niliandika mimi. Ni kaka yangu, daktari. Niliona aibu akae pale nje na wale... na wagonjwa wale."

Nilisubiri anifokee. Nadhani nilitaka anifokee. Yeye alikuwa ananitazama kama mtu ambaye hesabu yake haijakubali.

"Lakini mimi nilimwambia mwenyewe," akasema. "Tulikaa humu ndani tukaelewana. Nikamwambia nakuandikia Jumanne, chumba namba nne, na akakubali. Alinishika mkono, akasema atakuja."

Kumbe alijua. Alipofika dirishani kwangu alikuwa tayari anajua kilichoandikwa. Ndiyo maana aliniuliza mara mbili, akinisubiri. Na nilipomdanganya mara ya pili, akasema basi sawa, akanishukuru, akaenda kutafuta tiba mahali ambapo hatanitia aibu.